Kondoo Niliyemrudisha Getini

Niliwaomba mwenyewe. Hilo nalisema kwanza, mtu asije akadhani nilikuwa mjanja tangu mwanzo.

Nyumba yangu iko Lemara, ya mwisho kabla ya korongo, na masika yakishika, njia ya kutoka jikoni kwenda chooni inakuwa uji. Chini yangu, ng'ambo ya ua wa minyaa, kulikuwa na yadi ya kuvunja betri za magari. Zilikuja kwa lori, vijana wakazipasua kwa shoka, wakamwaga maji yake, wakatoa yale madini ya ndani na kuyayeyusha kwenye tanuru. Maganda meusi ya plastiki na mabonge ya kijivu yaliyobaki tanuruni yakarundikwa nyuma, upande wangu. Siku moja nikashuka nikawaambia, "Nipeni hizo takataka nijazie njia yangu." Wakaniletea mikokoteni mitatu. Nikawapikia makande, nikawashukuru, nikawabariki kwa jina la Mungu.

Njia ikawa ngumu kama barabara ya wakubwa. Majirani wakaona, nao wakaenda kuomba. Maganda yaliyokuwa mazima niliyajaza udongo nikapanda mchicha, nikayapanga ukutani kama watu wa hoteli wanavyopanga maua. Nilijivuna. Mgeni akija nilikuwa nampitisha upande ule makusudi, ingawa mlango wa mbele upo.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne. Mama yake, kitinda mimba wangu, anapika kwenye kambi za watalii porini na hurudi baada ya miezi, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi tangu ana meno mawili. Ananiita koko, kama Waarusha wa upande wa mume wangu wanavyoita bibi. Mimi ni Mmeru wa mlimani, Lemara nililetwa na ndoa. Na sisemi kwa kuwa ni wangu: mtoto yule alikuwa na kichwa. Kabla hajatimiza miaka minne alikuwa akihesabu kuku wangu wote wanapoingia bandani, na mmoja akikosekana anakwambia ni yupi, na alikuwa na nani mchana.

Mchezo wake ulikuwa kupika. Kila betri ina vifuniko vidogo sita, na hivyo ndivyo vilikuwa vikombe vyake. Anachota matope pale njiani, anakoroga kwa kijiti, anakuja ananyoosha mkono, "Karibu chai, koko." Nami najifanya nakunywa. Yeye hakujifanya. Alikuwa akilamba kidole na kusema tamu. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kisha tumbo likaanza kumsokota. Choo kikawa kigumu kama cha mbuzi, uso ukapauka, akawa na hasira za mtu mzima mwenye deni. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, kisha wakampa tena. Jirani mmoja akasema ni jicho baya. Mimi nikasema ni maji. Sisi wa mlima huu tumezoea kulaumu maji, kwa kuwa maji ndiyo yaliyotupa meno ya kahawia, na mtu aliyezoea mwizi mmoja kila kikipotea kitu anamtaja huyo huyo.

Jioni moja kuku walikuwa wanaingia bandani, akaanza kuwahesabu. Moja, mbili, tatu. Akakwama. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewaficha hao wengine. Akaanza upya, akakwama pale pale, akalia. Hapo ndipo moyo wangu uliponiambia hii si minyoo.

Wa kwanza ninayemshukuru ni fundi mmoja Kalasinga wa Daraja Mbili. Garaji yake ilikuwa ya baba yake na kabla ya hapo ya babu yake, na Kimeru anakijua kuliko wajukuu zangu. Nilimpelekea jiko langu la chuma, mguu umekatika, na mtoto nikaenda naye. Mimi na yule mzee tunasalimiana kwa matusi, ndiyo desturi yetu.

"Umevunja tena? Kwani unapika mawe?"

"Napika wazee wanaouliza maswali. Hawaivi upesi."

Akacheka, akainama kuchukua jiko, akamwona mtoto. Alikuwa na kifuniko chake mdomoni, anakinyonya kama pipi. Kicheko kilikatika. Hakuniuliza mimi, alikitoa kile kifuniko kwa kidole chake mwenyewe, akamfuta mtoto mdomo kwa kitambaa cha kilemba chake cha akiba.

"Amekitoa wapi hiki?"

"Nyumbani. Viko vingi."

"Vingi kiasi gani?"

Nikamsimulia njia yangu, kwa majivuno kabisa, na mchicha wangu wa kwenye maganda. Yule mzee alikaa juu ya tairi.

"Mama," akasema, na siku zote haniiti mama, "baba yangu alikuwa akimkuta fundi anakunywa chai pale tunapofungua betri, anaimwaga ile chai na kumfukuza kazi siku hiyo. Ndani yake kuna risasi. Siyo ya bunduki, ni madini. Inaingia kwenye damu, na kwa mtoto inapanda kichwani. Mpeleke hospitali kubwa kesho asubuhi, na neno hilo ulitamke wewe mwenyewe: risasi. Usipolitamka watampa dawa ya minyoo."

Akaniandikia kwenye karatasi ya risiti. Jiko alilitengeneza bure, na mguu ule mpaka leo ndio unaosimamia mingine mitatu.

Nikalitamka neno. Daktari kijana akanitazama, akauliza nimelisikia wapi, kisha akatoa damu. Damu ilisafirishwa mbali kupimwa, tukasubiri majuma. Majibu yaliporudi alinifungia mlango wa chumba chake na kunikalisha.

"Bibi, iko juu sana. Kwanza kabisa mtoto aondoke pale. Leo, siyo kesho. Apewe maziwa, mboga, nyama ukiipata, na dawa hii, na kila baada ya muda tutapima."

"Akili yake itarudi?"

Akaweka kalamu chini. Namheshimu kwa jibu lake, maana angeweza kunidanganya. "Damu inaweza kupungua. Kilichokwisha kuharibika kichwani siwezi kukuahidi. Kama atarudi mahali pale kabla hapajasafishwa, hapo nakuahidi: ataharibika zaidi."

Basi nikampandisha mlimani kwa mdogo wangu, karibu kabisa na msitu, ambako maji yanatoka kwenye mwamba na ng'ombe wapo. Siyo upande wa Momela ambako chumvi ya maji inakula meno. Nikarudi peke yangu kwenye nyumba ambayo nimeijenga na marehemu tofali kwa tofali, na kaburi lake liko pale nyuma ya migomba. Kuhama siwezi, na mtoto kurudi hawezi. Huo ndio uliokuwa mzigo wangu: udongo ule usafishwe mjukuu wangu arudi kwao, au nizeeke namwona kwa kupanda gari kama mgeni.

Nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Ofisi ilikuwa na watu, na alipenda kuwachekesha.

"Bibi, hebu fungua mdomo. Mnaona hayo meno? Ni yadi ya betri iliyoyapaka rangi hiyo? Maji ya Meru hayo, bibi! Mlima ndio uushtaki."

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Mwanangu, meno haya ya kahawia yanang'ata vilevile." Wakacheka zaidi, safari hii kwa upande wangu. Lakini niliondoka mikono mitupu.

Habari ikamfikia mwenye yadi. Na yeye, ama mtu wake, alikuwa na akili, maana hakuniletea polisi wala vitisho. Aliniletea sale.

Asiyetoka kwetu nitamweleza. Sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani tunaopanda mipakani. Mmeru akikukosea akaja na jani la sale, limefungwa fundo, na kondoo nyuma yake, anaomba radhi, na radhi ya sale haikataliwi. Bibi yangu aliwahi kumsamehe mtu aliyemchomea nyumba kwa ajili ya jani lile. Ukikataa, kosa linahama kutoka kwake linakuja kwako. Ndivyo tulivyofundishwa kabla hatujafundishwa kusoma.

Alikuja mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu ninayemwamkia, Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa namenya ndizi. Nyuma yake kulikuwa na kondoo jike mnene, na nyuma ya kondoo gari, na ndani ya gari mwenye yadi, kioo kimepandishwa juu.

"Mwanangu," mzee akasema, "kijana huyu wa chini amewaudhi. Anaomba. Sale ndilo hili, na kondoo ndiye huyu."

Niliona kwamba mwombaji hajashuka garini. Macho yangu yaliona, lakini mkono wangu ulikwisha kunyooka. Nikapokea. Majirani walikuwa wamejaa uani. Ikatolewa karatasi.

"Ni ya nini?"

"Ya waliohudhuria tu, mama, tujue nani aliona," akasema kijana aliyeishika.

Jina langu naweza kuliandika, niliishia darasa la nne lakini hilo naliweza. Ila vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, kalamu ingeteleza. "Tia dole, mama, yatosha." Wino walikuwa nao. Nikatia. Majirani waliponiona mimi, ambaye mtoto wangu ndiye mgonjwa, nimetia, nao wakatia. Nyumba saba. Wakaniachia nakala moja, nikaichomeka nyuma ya kalenda.

Jioni nikampapasa kondoo tumbo, nikakuta ana mimba. Kondoo mwenye mimba kwangu hachinjwi. Nikamfunga kwenye mgomba, akanenepa.

Na tanuru likaendelea kuwaka. Wiki ya kwanza nikasema wanamalizia. Wiki ya tatu nikaanza kujiona mjinga. Kanisani likatangazwa kwamba wanasheria wa msaada wa bure watakaa ukumbini siku mbili, mwenye shida aje. Nikaenda, na ile karatasi nikaibeba, kwa kuwa mtu wa kijijini akienda ofisini hubeba kila karatasi aliyonayo.

Nilikuta binti mdogo, sawa na kitinda mimba wangu, viatu vina matope kama vyangu. Akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Kisha akaikunjua karatasi.

"Bibi, hii nani alikusomea?"

"Hakuna. Ni ya waliohudhuria kondoo."

Akavuta pumzi. "Basi ngoja nikusomee."

Akasoma polepole. Kwamba sisi wakazi tunaotia dole hapa chini tumepokea fidia tukaridhika. Kwamba hatuna madai juu ya moshi, maji wala udongo. Kwamba hatutalalamika ofisi yoyote wala mahakama yoyote, sisi wala watoto wetu, sasa wala baadaye.

Nikalitazama lile dole langu la wino. Nilimwambia, "Nimemuuza mtoto kwa kondoo."

"Hujamuuza," akasema. "Nitazame, bibi. Sheria ya nchi hii inasema kila mtu ana haki ya kuishi mahali safi, penye afya. Kila mtu, hata asiye na hati ya kiwanja. Na mwenye sumu hawezi kuinunua haki hiyo kwa karatasi. Dole lako linaweza kukusumbua wewe kwenye fidia yako, na hapo tutasema hukusomewa, na mahakama inajua kuwa karatasi ambayo mtu hakusomewa ina miguu mibovu. Lakini haki ya mtoto huwezi kuitia dole hata ukitaka. Na serikali haikutia dole. Wakaguzi wa mazingira hawahitaji ruhusa ya kondoo kuja kuchimba ule udongo."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena, na tena, mpaka nikaweza kulisema mwenyewe. Akanieleza kuwa kuna njia ya kupeleka malalamiko kwa wakaguzi, nao wakikuta sumu wanaweza kufunga yadi na kumwamuru mwenyewe aondoe uchafu na arudishe udongo kama ulivyokuwa. Njia ya pili ni mahakama, kudai fidia ya mtoto, na hiyo ni ndefu, inataka vyeti vya hospitali, majibu ya udongo, mashahidi. Moja haizuii nyingine. Akasema nianze na ile ya kusafisha, maana mtoto hangoji hukumu.

"Na usikae, bibi. Malalamiko ni kama maziwa, yakikaa yanaganda."

"Waarusha walionioa yaliyoganda ndiyo wanayoyataka, ya kuchanganya na mahindi."

"Haya siyo ya loshoro," akasema, na ndipo nilipomwona anacheka kwa mara ya kwanza.

Kazi ngumu haikuwa ofisini. Ilikuwa kuwaambia majirani. Niliwaita uani kwangu, pale pale tulipotia dole, nikawasomea karatasi. Yaani nilijikongoja neno kwa neno, na pale niliposhindwa alinisaidia mwanamke wa nyumba ya tatu. Kisha fundi cherehani wa nyumba ya tano akasema, "Hilo dole lako, bibi, lingekatwa. Sisi tulikufuata wewe."

"Kweli," nikasema. "Mlinifuata mimi. Niliona mwenye kosa hajashuka garini, nikanyamaza. Nilitaka amani upesi. Nilikosa, na nawaomba radhi."

Yule mwanamke wa nyumba ya tatu akapiga mapaja. "Sikilizeni! Huyu amekosa, na kosa lake amelitaja kwa mdomo wake. Yule wa kwenye gari alitaja nini?"

Tukatazamana. Kwa desturi yetu mwenye kosa huja kwa miguu yake na kulisema kosa lake kabla ya sale kupokelewa. Watoto wanalijua hilo. Sale la mtu aliyejifungia kioo ni jani la kulisha mbuzi. Jani lililotufunga mikono halikuwa na nguvu yoyote, na hilo hatukuambiwa na sheria, tuliambiwa na bibi zetu.

Nikampigia simu binti mwanasheria. Akafurahi kwa sauti mpaka nikaiondoa simu sikioni. "Mrudisheni! Lakini mrudisheni kwa barua. Mwenyekiti awepo, yule mzee awepo, barua isomwe kwa sauti, na nakala yenu igongwe mhuri. Bila mhuri mmefanya matembezi tu."

Kondoo alikuwa ameshazaa. Niliona haya kidogo, maana kakondoo kenyewe nilikuwa nimekapenda. Lakini mali ya watu ni mali ya watu pamoja na kilichozaliwa. Asubuhi moja tukateremka nyumba zote saba, kondoo mbele, jani la sale limekauka shingoni mwake, mwanawe anarukaruka. Vijana wa yadi wakaacha mashoka. Getini akatoka mwenye yadi.

"Mama, zawadi hairudishwi."

"Hukuleta zawadi, ulileta radhi. Radhi ya nini? Sema, tukusikie sote, tutampokea tena kondoo sasa hivi."

Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mlima. Yule mzee wa ukoo akasogea mbele kwa fimbo yake, uso umemshuka.

"Kijana, uliniambia umewaudhi kwa kelele za malori. Hukuniambia kuna mtoto mgonjwa."

Mwenye yadi akatoa simu, akaanza kuibonyeza. Nikafunga kamba kwenye nguzo ya geti. Mwanamke wa nyumba ya tatu akaisoma barua yote, kwa sauti ya kwaya. Mwenyekiti, ambaye alinichungulia meno, akagonga mhuri wake mbele ya watu. Namshukuru na yeye. Angeweza kusema mhuri umesahaulika ofisini.

Ile barua, na majibu ya damu, na maelezo ya yule mzee wa ukoo, vikaenda kwa wakaguzi. Sitasema walikuja haraka. Binti alikwenda kuwaulizia mpaka mlinzi akamfahamu kwa jina, nami nilikwenda naye mara nne, nimevaa kitenge cha kanisani ili wasinione mtu wa kuzurura. Walipokuja, walikuja kweli. Walichota udongo wa yadi, udongo wa korongo, udongo wa njia yangu, na mchicha wangu wakaung'oa wakautia kwenye mfuko. Mwenye yadi akatoa karatasi yake yenye madole saba. Mkaguzi mkubwa, mama mmoja mnene mpole, akaisoma, akamrudishia.

"Hii waonyeshe wao mahakamani ukipenda. Mimi nimekuja kuonana na udongo."

Yule Kalasinga alikuja mwenyewe kutoka Daraja Mbili kutoa maelezo yake, kilemba kimefungwa vizuri kama anakwenda harusini. Aliwaeleza jinsi betri inavyofunguliwa na mtu anayeogopa Mungu na jinsi inavyofunguliwa na asiyemwogopa. Alipomaliza akaniuliza jiko likoje. Nikamwambia linachechemea. Akasema limefanana na mwenyewe.

Amri ikatoka. Tanuru lizimwe. Uchafu wote uondolewe kwa gharama ya mwenyewe, udongo uchimbwe yadini na kwenye nyumba saba, upelekwe mahali palipopangwa, na uletwe udongo safi. Siku walipochimba njia yangu nilisimama mlangoni nimefunga khanga kiunoni. Watu walivaa barakoa na glavu kubeba vitu nilivyovibeba mimi kwa mikono mitupu, kisha kwa mikono hiyo hiyo nikammenyea mtoto ndizi. Sikulia. Niliwapikia makande. Safari hii walionawa mikono kabla ya kula ndio waliopewa.

Kesi ya fidia bado inatembea. Imeahirishwa mara nyingi, na kila ikiahirishwa mwanasheria mwenzake yule binti hunieleza kwa nini, maana binti mwenyewe yuko likizo ya uzazi. Alinitumia picha ya mtoto. Nimemtumia khanga. Karatasi zote ziko kwenye sanduku la bati, kila moja na mhuri wake, na sasa hata bahasha ya michango nasema, nisomee kwanza. Wananiita Bibi Nisomee. Waniite.

Damu ya mjukuu wangu ilishuka, kipimo kwa kipimo. Daktari alipoona karatasi ya mwisho alisema anaweza kurudi nyumbani, udongo ukiwa umepimwa na kuonekana salama. Ukapimwa. Mdogo wangu akamteremsha mlimani, mashavu yamejaa, anajua nyimbo za Kimeru ambazo mimi nilizisahau. Kuhusu kichwa, daktari alirudia maneno yale yale: hatuwezi kujua. Nikajiambia, Mungu akinipa mtoto mzima wa mwili nitamshukuru, akinipa na kichwa nitamshukuru mara mbili, wala sitadai.

Mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Kusoma kunamchukua muda kuliko wenzake, silifichi, na mwalimu humrudishia madaftari yana kalamu nyekundu nyingi. Juzi tulikuwa tunatoka dukani, tukapita pale chini. Yadi ni uwanja mtupu. Geti lenyewe liling'olewa ili malori ya udongo yapite, zimebaki nguzo mbili, na kwenye moja, ile niliyofungia kondoo, wakaguzi wamepigilia kibao. Akasimama. Nikasimama. Sikumsaidia.

"Ha," akasema. "Ta. Ri. Hatari." Akafuata mstari wa pili kwa kidole hewani, midomo inatembea, jasho puani. Nilihamisha mfuko wa unga kutoka mkono huu kwenda mkono ule, nikangoja kama ninavyongoja mahakamani. "U-si-i-ngi-e. Usiingie."

"Vizuri."

Hakuondoka. Alitazama kibao, akatazama nguzo hii, akatazama nguzo ile, akaukunja uso.

"Koko."

"Nini?"

"Sasa wamesema usiingie, na mlango wameondoa. Hawa watu wana akili?"

Nilikaa chini pale pale barabarani, na kitenge changu kizuri, nikacheka mpaka mwanamke wa nyumba ya tatu akatoka kutazama. Mtoto akanivuta mkono, ameona haya kwa ajili yangu. Nikamwambia twende, kuku wanaingia bandani, kawahesabu.